Mawe Matatu ya Dona Solange

Dalvina alikamua ndimu juu ya jiwe la kwanza, akahamia la pili, akamalizia la tatu, kisha akasubiri. Hakusubiri kwa kukaa; tangu lini mpishi akasubiri kwa kukaa? Alimenya vitunguu huku akiyatupia jicho mawe yale, vipande vitatu vya ukubwa wa sahani, kimoja cheusi, kimoja cha kijivu na kimoja cheupe. Ilikuwa siku ya sita sasa anayafanyia vituko. Aliyamwagia kahawa. Aliyapaka mawese. Aliyaachia bitiruti mbichi kutwa nzima, na jana akayawekea chungu kilichotoka motoni kikitokota. Yeye mwenyewe aliona haya kidogo, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kufuta madoa, si wa kuyatia. Lakini ndivyo alivyoagizwa.

"Wewe ndiye unayelijua jiko," Dona Solange, mwenye nyumba, alimwambia siku fundi alipoleta sampuli za kaunta mpya. "Mimi najua kula tu. Yajaribu wiki nzima, halafu uniambie lipi litatuzika sisi sote."

Sisi sote! Dalvina alilichukua neno hilo akalala nalo. Miaka ishirini na saba alikuwa amepika katika nyumba ile ya ghorofa ya tisa, mtaa wa Graça, na katika miaka hiyo alisikia mengi, ila "sisi sote" lilikuwa neno adimu kama nyama ya Ijumaa Kuu.

Na lilimfikia penye kiu. Alilala nyuma ya jiko, kando ya sinki la kufulia, katika chumba chenye urefu wa kitanda na upana wa kitanda na nusu. Dirisha hakikuwa nalo. Kilikuwa na matundu matatu ukutani, karibu na dari, yaliyopitisha harufu ya sabuni na joto la jiji la Salvador, basi. Mwaka alioajiriwa, Dona Solange alisimama mlangoni pa chumba hicho akasema, "Siku tutakapolikarabati jiko, kitu cha kwanza ni dirisha lako." Ahadi ni deni, lakini Dalvina hakuwa mtu wa kudai. Alingoja. Sasa jiko linakarabatiwa, na kila alipoingia chumbani aliutazama ukuta wa upande wa bahari, akipima kwa macho mahali dirisha litakapokaa. Hata kitambaa cha pazia alikwisha nunua, cha maua ya njano.

Mpishi wa ghorofa ya nne alijaribu kumwamsha, walipokutana kwenye lifti ya watumishi.

"Jiko jipya, eeh? Shoga yangu, funga sanduku. Wale wa ghorofa ya sita walikarabati, na Neide yuko wapi leo?"

"Neide alikuwa mfanyakazi," Dalvina alimjibu. "Mimi ni kama mtu wa familia. Binti yao Letícia nimemlea kwa mikono hii, chupa ya maziwa na kila kitu."

"Kama," yule mwenzake alisema, lifti ikafunguka, akatoka.

Dalvina alimwona mwenye wivu. Laiti angekumbuka kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe! Lakini mtu akisha kununua pazia, humwambii kitu.

Fundi Genivaldo alifika saa tatu asubuhi hiyohiyo na vipande vya plaiwudi nyembamba kwapani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vumbi la mawe hata kwenye nyusi. Dona Solange akaja jikoni na nywele mbichi za kuoga, akavuta kiti.

"Haya, hakimu," alimwambia Dalvina. "Toa hukumu."

Dalvina alifuta mikono kwenye aproni. Maneno haya aliyafanyia mazoezi chumbani, na sauti ikatoka nzuri kuliko alivyotazamia.

"Hili jeusi, mama, ni mwanamume. Ndimu halikusikia, mawese halikusikia. Nimelibandika chungu kinachochemka, limenyamaza tu. La kijivu si baya, ila limekunywa kahawa, tazama hapa. Sasa hili jeupe..." Alilivuta karibu na mwanga. "Ndimu imelila. Paguse, pamekwaruza kama ulimi wa paka. Na mawese yameingia ndani, hayatoki hata kwa maombi. Ni zuri la kutazama, mama, sikatai. Lakini kaunta ya jikoni hapana. Mwaka mmoja wa kupika, litakuwa kama nepi."

Fundi alicheka mpaka vumbi likamdondoka. "Mama kasema kweli. Mimi nauza yote, lakini nyumbani kwangu nimeweka jeusi. Nisingeweka, mke wangu angenikata mimi."

Dona Solange naye alicheka. Kisha akalichukua lile jeupe kwa mikono miwili, akalielekeza kwenye mwanga.

"Lakini jamani, ni zuri! Letícia anasema São Paulo kote sasa ni nyeupe tupu."

"Litachafuka, mama."

"Litachafuka likipikiwa."

"Ndiyo, mama. Likipikiwa."

"Basi." Dona Solange alilirudisha jiwe mezani taratibu. "Hakuna atakayepika, Dalvina."

Alilisema kama mtu anayesema leo hakuna mvua. Fundi Genivaldo aliivuta tepu yake ya kupimia, akaiachia ikarudi, akaivuta tena.

"Tangu mume wangu Augusto afariki mimi nakula nini?" Dona Solange aliendelea. "Kipande cha papai. Chakula siku hizi kinaletwa mlangoni, unabonyeza simu tu. Nataka mahali pa kukaa na marafiki, tunywe kitu, tucheke. Na wewe umechoka, si unalalamika mgongo? Nilitaka kukuambia polepole, baada ya sikukuu ya São João. Umeniharakisha mwenyewe na ndimu zako."

Dalvina aliangalia mikono yake. Ilinuka ndimu. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya fundi, akauliza swali la kwanza lililomjia, nalo lilikuwa la kijinga.

"Sasa mama, kwa nini nimeyajaribu?"

"Ili nijue! Sasa najua wageni wasikatie ndimu juu yake. Umenisaidia sana." Dona Solange aliinuka, akampapasa bega, na katika kumpapasa kule hapakuwa na unafiki hata chembe, na hilo ndilo lililoumiza. "Utakwenda kwa dada yako Cajazeiras, upumzike. Na hili jiwe la kaunta ya zamani hapa juu ya kabati, ulichukue wewe. Zawadi. Si kila mtu ningempa."

Jiwe lile la zamani lilikuwa refu kuliko mlango, na siku lilipoletwa lilibebwa na wanaume wanne. Nyumba ya dada yake ilikuwa juu ya kilima, ngazi mia na kumi kutoka barabarani, vyumba viwili na wajukuu watano. Kichwani Dalvina aliliona jiwe linapanda ngazi zile, akajiona na yeye nyuma yake.

"Asante, mama," alisema. Mdomo una mazoea yake.

Kazi ya mawe ina utaratibu wake. Jiwe halikatwi kwa namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Hukatwa kwa kigezo. Fundi huchukua plaiwudi, akailaza palepale jiwe litakapokaa, akaikata na kuigongomea mpaka ipate umbo kamili la meza, ndipo huibeba kwenda nayo karakanani. Kaunta ya ukutani ilimchukua Genivaldo saa moja. Kisha akafunua mchoro wa Letícia, kwa maana Letícia alisomea kuchora majumba, akatazama, akakuna kichwa.

"Hii meza ya katikati," alisema, "inaanzia hapa. Ukuta huu utavunjwa Jumatatu. Halafu inaendelea mpaka..." Alifungua mlango wa chumba cha Dalvina, akasimama. "Mpaka hapa. Kuna kitanda."

"Kitoe," alisema Dona Solange.

Kitanda hakikutoka. Seremala wa zamani alikiunda mlemle ndani, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba na fanicha ya dukani haikupita. Genivaldo alikiinua upande, akakisimamisha, akakilaza tena, jasho linamtoka.

"Ni mbao tu hizo," Dona Solange alisema. "Kikate."

Dalvina aliingia kutandua shuka. Alizikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaliegemeza godoro ukutani, kisha akapiga magoti na kulishika tendegu lisicheze.

"Nisamehe, mama," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Msumeno wako mkali?"

"Mkali."

"Basi kata, baba. Usinicheleweshe."

Alikata. Unga wa mbao ulimwingia Dalvina machoni, akashukuru, kwa maana sasa aliweza kuyafuta bila kuulizwa. Vipande vya kitanda vilipokwisha kutolewa, Genivaldo akalaza kigezo sakafuni. Kilienea chumba kizima.

Ndipo Dona Solange aliporudi ameinyoosha simu mbele yake, na ndani ya simu alikuwa Letícia, miwani kichwani, nyuma yake kuna maua.

"Vina!" alipiga kelele. "Vina wangu! Umenona!"

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo! Mama, hebu Vina asimame pale katikati, nione kimo. Bila mtu siwezi kujua. Vina, mpenzi, ingia humo ndani ya mbao. Ndiyo. Sasa fanya kama unakatakata kitu."

Dalvina aliinua mikono.

"Juu kidogo. Hapo hapo! Mama, unaona? Anapendeza. Usisogee, Vina. Mama, hebu nipeleke sebuleni kwanza, ile taa ya juu ya meza nataka ifanane na ya kule."

"Usisogee, Dalvina, tunarudi sasa hivi," alisema Dona Solange, akaenda na binti yake mkononi.

Walikwenda kuzungumza taa. Kutoka taa wakaingia kwenye viti, kutoka viti wakaingia kwenye harusi ya mtu fulani. Dalvina alisimama mahali palipokuwa na mto wake, mikono imeshikilia hewa. Mabega yalianza kuwaka. Hakuna aliyemwita.

Jikoni, maharage ya mchana yalikuwa motoni pamoja na nyama ya chumvi, na wakati wa kuyaongeza maji ulikuwa umefika. Alijua bila kuona. Alijua kwa sauti. Kwanza mchemko ulizidi kuwa mzito, kisha ukawa mlio mkavu, kisha kikaja kiharufu kitamu kidogo, ambacho asiyejua kupika angekisifu. Katika miaka ishirini na saba, sufuria ya Dalvina haikuwahi kuungua.

Genivaldo alinusa. "Mama. Kuna kitu kinashika chini."

"Nasikia."

"Nikazime?"

"Acha."

"Mama, kinaungua!"

"Nimeambiwa nisisogee," alisema Dalvina.

Fundi alimtazama usoni, akarudisha mguu wake nyuma. Moshi ulitoka jikoni mwembamba, wa buluu, ukapita juu ya vile vipande vitatu vya mawe, ukashika njia ya sebuleni, ambako Dona Solange alikuwa anacheka. Dalvina aliusindikiza kwa macho. Mikono yake ilikuwa bado juu, kimo kilekile, na taratibu ikaanza kukatakata.