Kabari ya Mawe Nyuma ya Nyumba

Kiangazi cha mwaka 1949 mume wangu Duri aliamua kujenga kabari ya mawe nyuma ya nyumba yetu. Kanisa la kijiji chetu cha milimani lina kabari kama hiyo tangu zamani: ukuta mnene wenye ncha, unaotazama mlimani, ili theluji ikiporomoka isukumwe kando. Sisi hatukuwahi kuihitaji, kwa sababu juu yetu palikuwa na msitu uliozuia theluji, ambao kijiji kilikataza kuukata, hata kwa kuni. Kisha hoteli moja ikapewa ruhusa ya kufyeka humo njia ya wageni wanaoteleza kwenye theluji. Njia hiyo ilishuka moja kwa moja kuelekea kwetu.

Duri alipigilia vigingi, akafunga kamba kuonyesha ukuta utakapopita. Ncha aliiweka pembe ya kulia ya nyumba, upande wa banda letu la ng'ombe, ili theluji yote iende kushoto. Kushoto kulikuwa na nyumba ya Barla, mjane aliyeishi peke yake.

Barla alikuja siku hiyo hiyo, akakalia rundo la mawe.

"Duri, theluji yako unaipeleka wapi?"

"Mtoni, Mama Barla."

"Na mto uko wapi?"

"Nyuma ya nyumba yako."

"Ahaa. Basi itapiga hodi kwangu kwanza."

Mimi nilicheka. Duri hakucheka.

"Itapita kati ya nyumba na mto. Nafasi ipo."

"Nafasi ya mbuzi! Au niiachie mlango wazi, ipite kwa adabu?"

Wiki mbili nzima alikuja kufuma soksi juu ya mawe yale. Duri akihitaji jiwe, anaambiwa, "Ngoja nimalize mstari." Jumapili, kanisani, hakutusalimu. Duri alisema kizee kile kitamtia wazimu.

Halafu mchana mmoja nilimkuta Duri anang'oa vigingi. Alikuwa ametoka kupima kwa miguu ile nafasi kati ya nyumba ya Barla na mto.

"Hatua kumi na mbili tu," alisema, akahamishia ncha pembe ya kushoto.

"Sasa itakwenda bandani kwetu."

"Ndiyo."

"Na ng'ombe?"

"Theluji ikizidi nitawahamisha. Nyumba ya Barla nitaihamishia wapi?"

Barla aliitazama ile kamba mpya, akakusanya nyuzi zake. "Mawe yako yana baridi, wewe. Kiuno changu hakinyooki," alisema, akaenda zake.

Ukuta ulikamilika Oktoba. Majira ya baridi ya kwanza hayakuwa na jambo. Katika majira ya pili, mwezi Januari, theluji ilianguka siku tatu mfululizo, na asubuhi ya nne Duri akaanza kuhamishia ng'ombe kwenye banda la kaka yake, ng'ambo ya kanisa. Alitoa watatu. Nilikuwa nimeshika kamba ya yule wa tatu Duri aliporudi bandani kuchukua wawili waliobaki.

Nilisikia mshindo mzito, kisha sikuona kitu kwa vumbi la theluji. Lilipotulia, nyumba yetu ilikuwa imesimama. Ya Barla pia, moshi ukitoka dohani. Banda halikuwepo. Barla ndiye aliyefika kwanza, na koleo. Tulimpata Duri saa nane mchana, hana uhai.

Kiangazi kilichofuata serikali ilimleta mhandisi kupanga nyuzio za kuzuia theluji huko juu. Alipoiona kabari yetu aliipima.

"Kazi imara," alisema. "Ila fundi amekosea pembe. Angeielekeza mtoni, banda lingesalimika."

Nilitaka kumweleza, lakini nilitanguliwa. Barla, aliyekuwa anapita na ndoo, akaiweka chini na kumjibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Alipomaliza, alimweleza mambo yote, tangu vigingi vya kwanza.

Mhandisi alitoa daftari lake. Kisha akaniuliza jina la mume wangu linaandikwaje.