Kidonda Kisichouma

Kidonda hakikuuma, na hilo ndilo lililomchanganya Nyaguthii kuliko yote. Kingeuma, angejua la kufanya. Waweru, mumewe, angepiga kelele kama alivyopiga kwa lile jino la mwaka jana, naye angemkanda kwa maji moto na kumwambia anyamaze. Lakini mtu ana kitu cheusi mkononi, cheusi kama kaa la jikoni, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, na bado anachimba mashimo ya nguzo huku akipiga mluzi!

"Kitu haiumi haiwezi kuua, Mama Njambi," alimwambia. "Ni buibui tu."

Waweru alikuwa mjuaji. Shamba la mzungu la huku Cheptiret liliponunuliwa na kampuni yao ya ardhi, wanachama walipiga kura kugawana vipande, naye akaokota karatasi ya pembe ya chini, ile iliyozungushiwa waya wa miiba, nyasi zikimfika mtu kiunoni. Wenzake walimwonea wivu waziwazi. Nani asiyewajua wazungu? Miaka yote walijiwekea kilicho bora. Basi kipande walichokifungia waya ndani ya shamba lao wenyewe, hicho kilikuwa bora ya bora. Waweru alikata waya siku hiyohiyo, akaswaga ng'ombe wake ndani.

Jirani yao wa ng'ambo ya kijito, Mzee Kiprotich, alikuja akasimama mpakani. Alikuwa mwenyeji wa huku Uasin Gishu, na zamani alikuwa amemchungia ng'ombe mzungu yuleyule kabla ya kununua kipande chake mwenyewe.

"Hapo msiingize ng'ombe," alisema. "Hapo ni mbaya."

Ubaya gani? Hakujua. Mzungu alikataza tu, wala hakusema kwa nini. Waweru alicheka hadi akashika mbavu. Mwenyeji anayekuja kukwambia ardhi yako mpya ni mbaya anataka nini, kama si ardhi yenyewe?

Kisha ng'ombe mmoja akafa. Jioni alikuwa anakula nyasi, asubuhi amelala ubavu, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Waweru alisema ni nyoka, na nyama ni nyama, akamchuna. Nyaguthii naye alilelewa akijua kwamba nyama hailiwi na nyumba moja. Alimkatia jirani paja zima, akalitia kwenye karai, akavuka nalo kijito. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, naye alitaka ujirani wao uanze upya. Kiprotich alilipokea bila kutabasamu. Siku iliyofuata wanawake wakamwambia kisimani kwamba mzee alilifukia lote, hata mbwa hakuonja.

Nyaguthii alikasirika mpaka akalia. Hakumsalimia tena yule mzee. Na sasa mkono wa Waweru ulipovimba, maneno ya mpakani yakaanza kumrudia. "Hapo ni mbaya." Lilikuwa onyo lile, au laana? Kila Jumapili alikuwa kanisani, na mambo ya kulogana aliyakana mbele ya mchungaji. Lakini mbona ng'ombe amekufa, mbona nyama imezikwa kama maiti, mbona kidonda hakiumi? Hakujua ashike lipi, aache lipi.

Asubuhi moja Waweru hakuamka kwenda shambani. Mwili ulikuwa wa moto, uvimbe umepanda hadi begani, na alimwita Nyaguthii kwa jina la marehemu mama yake, Warigia. Watoto walikuwa bado Kiambu kwa nyanya yao, wakisubiri nyumba iishe. Lori la kampuni lilikuwa limekwenda Nakuru. Mtu wa karibu mwenye trekta alikuwa mmoja tu, na maji yalikuwa yamezidi unga.

Alivuka kijito akiwa na hofu mbili. Kama ni Kiprotich aliyemroga, basi anampelekea chui mbuzi wake mwenyewe. Kama si yeye, amemchukia mtu bure.

Mzee alimsikiliza, kisha akauliza, "Kidonda ni nyeusi?"

"Nyeusi."

"Na haiumi?"

Nyaguthii alipigwa na butwaa. Amejuaje, kama si kazi yake? Miguu ilitaka kumrudisha nyumbani. Lakini mzee alikwisha kuwasha trekta, akampungia mkono apande haraka.

Hospitalini Eldoret, daktari kijana alichukua majimaji ya pembeni mwa kidonda, akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi. Alipotoka tena, Nyaguthii alimuuliza bila kuzunguka, "Ni uchawi?"

Daktari hakucheka. Alimpeleka kwenye darubini, akamwambia aangalie. Aliona vijiti vya zambarau, vimeungana kama mabehewa ya gari la moshi.

"Hiyo ni kimeta, Mama. Wadudu wengine ukiwaosha, rangi inatoka. Hawa wanaishika. Na wengi wanaoishika hivi, penisilini inawaweza, kama hatujachelewa."

"Wametoka wapi?" Nyaguthii aliuliza, akamsimulia habari za ng'ombe, za waya na za mzungu.

"Kwa udongo. Ng'ombe ikikufa na hiyo ugonjwa, damu yake ikimwagika chini, mdudu anajifunga kama mbegu, analala hapo. Miaka mingi sana. Huyo mzungu wenu alizika ng'ombe zake hapo, ndio akaweka waya."

Nyaguthii naye alidungwa sindano, kwa kuwa alikula ile nyama. Waweru alidungwa usiku na mchana, na hakuna aliyetaka kusema kama atapona. Nyaguthii aliomba, akalala kwenye benchi, akaomba tena. Halafu homa ikamwachia. Waweru alifumbua macho, akamwita Mama Njambi, akauliza kwa ukali nani anakamua ng'ombe. Nyaguthii alilia kwa furaha, bila haya, mbele ya wodi nzima.

Aliyekuwa anakamua alikuwa Kiprotich. Alikuwa amesimama nje na chupa ya maziwa ya mgonjwa.

"Mzee," Nyaguthii alimwambia, "mbona hukuniambia ile nyama ni mbaya?"

"Sikuwa na hakika, Mama. Kidonda kama hiyo niliona zamani kwa mwenzangu wa kuchunga, lakini jina ya ugonjwa sikujua. Na ile ya ardhi niliwaambia, mkacheka."

"Uliifukia wapi?"

Kiprotich alitazama viatu vyake. "Kwangu. Hapo juu ya kijito. Ningekurudishia karai ikiwa imejaa? Hiyo si heshima."

Maneno ya daktari yalimjia yote kwa pamoja, udongo, damu, mbegu inayolala. Alimweleza mzee yote, neno kwa neno.

"Hapo ndio kijana wangu Stephen alikuwa ajenge," mzee alisema taratibu. "Basi, atajenga pengine."

Mahali pengine hapakuwapo. Kutoka mlangoni kwake Nyaguthii alikuwa akikiona kipande chote cha mzee, mwanzo hadi mwisho, wala hakikuwa kikubwa.