Mipira Iliyogoma Kushuka

Jumamosi saa tatu asubuhi, kocha wa tenisi aliwapanga watoto kumi na mmoja wa miaka mitano kwenye mstari wa chaki, akaanza kuwarushia mipira. Kila aliyeupiga mpira, hata ukaishia kwa jirani, aliitwa "Bingwa!" na wenzake wakampigia makofi matatu. Kocha hakuwa bahili wa sifa. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba katika shindano pekee aliloshiriki alitolewa raundi ya kwanza, tena na mpinzani mwenye homa.

Wa mwisho mstarini alikuwa binti yake. Alipiga vizuri kuliko wote. Mpira ulivuka wavu, ukasimama hewani.

"Kaza kiwiko," kocha alisema, asije akaambiwa anapendelea wake.

Mpira haukushuka. Watoto walipita chini yake kwenda kunywa maji.

Kufikia Jumamosi ya nne, ilikuwa imening'inia mipira minne, na wazazi warefu waliombwa waangalie vichwa vyao. Mkewe alipokuja kumchukua mtoto, aliitazama, akaelewa.

"Si wanasema mcheza kwao hutuzwa? Mpe neno lake, mume wangu. Halilipiwi."

"Nitampa. Akirekebisha kiwiko."

Hata yeye alijiona mtu mzima ovyo. Juzi tu alimsifu mbwa wa jirani kwa kurudisha mpira. Alimpenda binti huyu kupita kiasi, lakini neno lenyewe lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wote walipoondoka, alibaki akikusanya vifaa. Alitazama huku na huku, akakohoa, akasema, "Bingwa."

Mipira yote minne ikaanguka. Aliipigia makofi matatu, akaitia kapuni, akaenda nyumbani.

Binti alikuwa akimsubiri mlangoni na raketi yake.

"Baba, mipira yangu imeshuka?"

"Imeshuka."

"Uliiambia nini?"

Kocha alivua kiatu kimoja, kisha cha pili. Alichukua muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji.

"Niliiambia ukaze kiwiko."

Binti akaenda uani kufanya mazoezi. Wiki nzima alikaza kiwiko, hata mezani alikula amekikaza.

Jumamosi iliyofuata alipiga mpira kama alivyofundishwa, ukavuka wavu, ukasimama palepale. Akageuka kumtazama baba yake.

"Sasa magoti," kocha alisema.