Kifaranga wa Kinyozi

Mke wa kinyozi alipokwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu, alimwachia mumewe nyumba, funguo na kuku mmoja anayeatamia. Kinyozi hakuwa mtu wa kuku. Alijua kuwala, basi. Mkewe alimwonyesha pipa la chakula na kopo la maji, akamwonya kwamba mayai yakianguliwa asiwe na kiherehere, mama yao anaijua kazi yake.

Wakatoka vifaranga saba. Wiki mbili za kwanza hawakumpa shida. Kisha asubuhi moja, akimwaga chakula kabla ya kwenda kufungua kinyozini, alimwona mmoja anadonoa kwa bidii kuwashinda wenzake, lakini punje zote zinarudi chini. Akamkamata, akamtazama usoni. Mdomo wa juu ulikuwa umekwenda kulia, wa chini umekwenda kushoto, ncha zimepishana kama watu waliokosana. Akapapasa kifuko cha chakula pale shingoni: kitupu. Kifua nacho mfupa mtupu.

Akampigia mkewe simu.

"Huyo hakai, baba," mkewe alisema, na nyuma yake dada mtu alisikika akilalamika. "Mwache na mama yake. Siku zake zikifika zimefika."

Akamwacha siku mbili. Ya tatu, wenzake walimpiga kikumbo akaangukia kwenye maji, asiwe hata na nguvu za kujiinua. Kinyozi akamwopoa, akamkausha kwa taulo, akamtia kwenye boksi la viatu, akaenda naye kazini.

Fundi viatu, waliyepakana naye ukuta, alichungulia boksini. "Huyu naye amekuja kunyoa? Mwambie akae kwenye foleni kama wengine."

Kinyozi hakucheka. Alikuwa akimlisha punje mojamoja kwa vidole. Nusu saa ikapita, kifaranga amemeza punje nne, na mteja mmoja ameondoka akisonya.

"Hivi wewe ukiwa huna meno unakula nini?" fundi viatu akauliza.

"Uji."

"Sasa je?"

Basi kinyozi akaloweka chakula kikawa kama uji mzito, akakitia kwenye kikombe kirefu ambacho alikinunua cha povu la ndevu na hajakitumia bado. Kifaranga akazamisha mdomo wote hadi machoni, akachota kwa ule upande wa chini kama anayetumia kijiko. Alikula mpaka shingo ikavimba upande mmoja, akalala palepale, uso umepakaa chakula. Hapo ndipo kinyozi alipocheka.

Mambo yakaenda vizuri, na mambo yakienda vizuri mtu hujiona fundi wa kila kitu. Ncha ya juu ilikuwa imerefuka. "Mimi niliyechonga ndevu za watu miaka ishirini nishindwe na mdomo wa kuku?" alijisemea, akachukua kikata kucha, akakata. Akakata mno. Damu ikaruka, na kifaranga akatoa kilio ambacho mtu asingedhani kingetoka kwenye kiwiliwili kidogo vile. Kinyozi akakimbilia shabu, lile jiwe analowapaka wateja wembe ukiwakwaruza, akambana nalo hadi damu ikakata. Kisha akaushika tena wembe, vidole bado vina damu.

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kidevu kimejaa povu, akasema kwa upole, "Pumzika kwanza, fundi. Mimi sina haraka hata kidogo."

Tangu siku hiyo hakukata tena. Kila Jumapili alichukua tupa ndogo ya kucha akaisugua ile ncha kidogo tu, anasimama, anaangalia, anasugua tena.

Wiki ya saba mkewe alirudi. Alihesabu sita uani, akamkuta wa saba juu ya kiti sebuleni, kichwa ndani ya kikombe.

"Nilikwambia umwache."

"Uliniambia."

"Ukatia pamba masikioni."

Akamnyanyua yule kuku, akafunua manyoya chini ya bawa. "Kumlisha umemlisha, sikatai. Na hawa?" Utitiri ulikuwa ukitambaa juu ya ngozi. "Kuku hujisafisha kwa mdomo. Huyu atajisafisha kwa nini?"

Kinyozi akainama kuwatazama. Siku zote hizo alimwona akijikuna na kujitingisha, akadhani ni uchangamfu. Aliona haya kuliko hata siku ile ya damu.

Mkewe hakungoja avue viatu vya safari. Alikwenda jikoni, akachekecha jivu lililopoa, akampaka chini ya mabawa na kuzunguka mkia, vidole vikipita taratibu.

"Niliposema umwache," alisema bila kumtazama mumewe, "nilikuwa na siku tatu sijalala."

"Najua," kinyozi alisema.

Yule kuku hakufikia ukubwa wa ndugu zake. Nusu yao tu. Alikuwa mtetea. Alichelewa kutaga, na mayai yake yalikuwa madogo, tena ya kubahatisha. Kula alikula peke yake, kwani penye wengi hakupata kitu.

Jumapili mke humfunga kwa taulo, akampakata, kichwa tu nje. Kinyozi huvuta kigoda mbele yao, tupa mkononi, miwani puani.

"Huku kushoto bado," mke humwambia.

Naye kinyozi huinama, akaendelea kusugua.