Isale Kwenye Dashibodi

Jumamosi asubuhi Sia aliikagua ndege ya mafunzo kama alivyofundishwa na mjomba wake, Kapteni Ndesanjo. Alipima oili, akachuja mafuta kidogo kuona kama yana maji. Ndani, chini ya kipimo cha presha ya oili, palikuwa na kishina cha kijani kilichokatwa karibuni, kingali na utomvu. Akakipangusa kwa kitambaa.

Aliruka peke yake. Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni. Alipogeuza kurudi uwanjani Kisongo, mabati ya Sombetini yaking'aa mbele, injini ilikohoa. Akafungua joto la kabureta, akabadilisha tangi, akawasha pampu. Ikakohoa tena, na kwenye kile kishina likachomoza isale.

Kwao Marangu, anayekuletea jani la isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi. Sia aliona injini imeomba mapema. Kisha pangaboi likasimama.

Akashusha pua, akabonyeza redio.

"Mjomba, injini imezima."

"Uwanja unauona, mama?"

"Nauona. Lakini isale limeota hapa."

"Majani mangapi?"

"Matatu."

"Jana yalikuwa mawili," alisema mjomba. "Njoo taratibu. Usivute pua."

Hakuvuta. Alisikia upepo, na majani yakisugua kioo. Alipita juu ya mbuzi, juu ya shamba la maharage, magurudumu yakagusa lami.

Mjomba alikuwa amesimama pale ndege ilipoishia.

"Ulijua," alisema Sia.

"Yalikuwa madogo. Nikiisimamisha hii, wanafunzi mtaruka na nini? Na ungo?"

Sia hakucheka. Tangu akiwa darasa la tano, mjomba ndiye aliyekuwa akimwambia kwamba mwenye shaka na ndege haruki.

Mjomba aliingiza mkono kwenye dashibodi, akavunja jani refu kuliko yote, akalipiga fundo na kumpa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama."

Jani halikuwa la mjomba. Lilioteshwa na injini. Lakini lilikuwa isale, na mikono ya Sia ilikwisha kulipokea kabla hajaamua.

Mjomba akatoa kisu cha mfukoni, akakata yaliyobaki. Fundi akaangalia plagi, akasema hajaona kitu. Baada ya chai, Namnyaki, mwanafunzi wa zamu ya pili, alikuja akifunga nywele.

"Usiruke na hii," Sia alimwambia. "Imeota masale. Imenizimikia angani."

"Kapteni ameniambia yote."

"Na bado unapanda?"

Namnyaki alilitazama jani mkononi mwa Sia, lile lenye fundo.

"Amesema umeshasamehe," alijibu, akafunga mlango.

Injini ilikubali mara ya kwanza.