Kibaraza Chenye Vizibo

Wiki ya tatu baada ya kumzika baba, nilikuwa siwezi kukaa kitako. Nikikaa, miguu inataka kwenda. Jumamosi hiyo kaka yangu Fortunato alikuwa mtaa wa Hai Mauna, hapa Juba, kwa fundi wa kuchomelea, akisubiri msalaba wa chuma wa kaburi. Chini ya jina alitaka iandikwe "Mkulima". Mimi nilitaka "Fundi Mwashi".

"Fundi gani, Lilly?" aliniuliza kwenye simu asubuhi. "Miaka yote ile Adjumani, hata jiko hakutujengea."

Ni kweli. Kambini Uganda baba alilima simsim tu, tena kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uliharibika yeye na mama walipokuwa wanakimbia vita, sisi hatujazaliwa. Lakini tukimsumbua atuhadithie, alitutembeza Juba kwa maneno. "Ukishapita maduka ya Wagiriki, yale yenye matao ya mawe, angalia kulia kwako." Hapo, alisema, kuna kibaraza cha sementi alichokijenga yeye, na juu yake alipanga vizibo vya soda vikafanya nyota. Fortunato anaamini zilikuwa hadithi za kutulaza.

"Nipe mpaka saa nane nikitafute hicho kibaraza," nikamwambia.

"Saa nane wanaandika. Baada ya hapo usinisumbue."

Nilitoka mtaa wetu wa Kator na Quinter, dada wa Kisumu ninayefanya naye kazi mapokezi katika hoteli. Wageni hutuuliza kila siku Juba kuna nini cha kuona. Tunawaambia mto. Wakiuliza kingine, tunawaonyesha bwawa la kuogelea.

Tulipita kanisa kuu la Mtakatifu Theresa, magari ya harusi yakipiga honi, tukaelekea mjini. Nilitembea mbele, yeye akikimbia nyuma.

"Leo unanionyesha Juba ama unanifukuza?"

Kwenye maduka ya Wagiriki akasimama. Akashika nguzo ya tao, akaipapasa kama mtu anayenunua kitambaa. "Aki Lilly, nimepita hapa na gari miaka miwili. Hizi mawe sijawahi kuziona."

Akatoa simu. Nikamwambia airudishe, maana kulikuwa na askari kwenye kona, na kupiga picha barabarani hapa ni kutafuta maneno.

Tukapita maduka. Nikaangalia kulia: uzio wa mabati na jenereta. Nikarudi, nikapita tena. Mabati. Mara ya tatu mlinzi akatuuliza kama tumepoteza mbuzi. Saa saba ilikuwa imepita. Nikaanza kuliona lile neno "Mkulima" limeshakauka rangi.

Quinter alikuwa amevua kiatu kimoja, anasugua kisigino. "Babako aliingia Juba mara ya kwanza akitoka wapi?"

"Mongalla. Kwa meli."

"Sasa mbona sisi tunatoka Kator?"

Nilikuwa nimeshaanza kushuka kuelekea mtoni. Tulifika Juba Na Bari, mtaa wa kando ya mto, tukageuka palepale bila kupumzika, tukapanda kama mtu aliyeshuka melini na mzigo begani. Maduka ya Wagiriki yakaja, yakapita. Nikaangalia kulia kwangu.

Kati ya duka la dawa na kibanda cha kuchaji simu, mwanamke alikuwa anauza chai. Wateja wake walikaa kwenye kitu kirefu kilichofunikwa mkeka wa plastiki.

"Karibu chai. Kaa," alisema. Wateja walimwita Mama Sanyu. Kwa Kiswahili chake nilijua ni wa Uganda.

"Mama, naomba niinue huu mkeka."

"Wewe iko ya manispaa?"

"Hapana mama," Quinter akasema. "Huyu anatafuta kazi ya babake. Iko chini ya hawa watu."

Wakacheka. Mwendesha bodaboda mmoja akainuka nusu, akachungulia. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Hajalalamika."

Lakini waliinuka wote. Tukakunja mkeka. Vizibo vilikuwa vimeshika kutu, vingine vimezama kwenye sementi, ila nyota ilikuwepo. Ncha moja haikuwa na vizibo, ilibaki na vishimo tu.

"Hizo mimi natoa," Mama Sanyu akasema. "Iko nachana sketi ya watu."

Nilitia kidole katika vile vishimo, kimoja kimoja. Kisha nikampigia Fortunato.

"Nitumie picha," akasema.

"Siwezi, askari yuko karibu. Lakini nyota nimeishika."

Nilisikia mashine ya kukata chuma. Ikanyamaza. "Ina ncha ngapi?"

"Sita, pamoja na iliyong'olewa."

"Baba alikuwa anasema alitaka tano," akasema polepole. "Akakosea." Halafu nikamsikia anamwita fundi, anamwambia aache, neno linabadilika.

Mama Sanyu alinipa glasi ya chai bila kuniuliza. "Baba yako ndiyo nafanya hii kiti?"

"Ndiyo."

"Mwambie iko napinda. Hii upande, watu nateleza kila siku."

Quinter akanitazama.

"Nitamwambia," nikasema. Nikakaa upande ule uliopinda, miguu nimeikaza chini nisiteleze.