Vyumba Thelathini na Saba

Cicily alipokuwa darasa la sita, kaka yake Marete aligandisha kwa uji kurasa za mwisho za kitabu chake cha hesabu, zile zenye majibu, asije akachungulia. Baba yao alikuwa ameshafariki, na Marete, aliyemzidi miaka minane, ndiye aliyekaa naye kila jioni mezani. "Ukishaona jibu, hesabu imekufa," alikuwa akimwambia. "Unabaki na karatasi tu." Cicily alilia, akakosea, akafuta, akarudia. Mwishowe akaipenda hesabu, na kaka yake akampenda zaidi ya hesabu.

Kufikia mwaka wa 1996 Cicily alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa katika chuo kidogo cha kompyuta cha Mzee Runji, pale Nkubu. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na ndani yake kompyuta tatu zilizofunikwa kwa vitambaa vya kushona, kama redio za zamani. Mzee Runji alikuwa amestaafu kazi ya simu, na binti yake aliyekuwa ng'ambo ndiye aliyemtumia mashine hizo. Alizilinda kama ng'ombe wa maziwa. Hata vile vitufe vya juu kabisa vya kibodi alivibandika plasta nyeupe ya hospitali, akatangaza kwamba atakayevigusa ataharibu mashine.

Kompyuta hizo zilikuja na mchezo ndani yake. Kulikuwa na mtu mdogo wa rangi ya samawati katika ghala, naye alitakiwa kusukuma masanduku mpaka kila sanduku likae mahali pake. Kusukuma aliweza, kuvuta hakuweza. Sanduku likishaingia kwenye kona, limekwisha, unaanza upya. Masanduku yote yakikaa sawa, mlango unafunguka, unaingia chumba cha pili. Vyumba vilikuwa sitini, na kila kimoja kigumu kuliko kile kilichotangulia.

Mzee Runji aliupenda mchezo huo mno. Na siku alipopata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja Nairobi kwa mafunzo ya miezi mitatu, ili arudi kuwa mwalimu mkuu wa chuo, alitoa tangazo ambalo liliwachekesha watu wa sokoni. "Cheti kila mtu anacho siku hizi," alisema. "Mimi nataka mtu wa kufikiri. Atakayemaliza vyumba sitini kabla ya Agosti kuisha, huyo ndiye ataenda."

Watu kumi na wanne walianza. Kufikia Juni walikuwa wamebaki wawili: Cicily, aliyecheza saa za chakula cha mchana, na Marete.

Marete alikuwa amefundisha hesabu miaka saba katika shule ya sekondari bila cheti cha ualimu. Mwanzoni mwa mwaka huo walimu wenye vyeti wakaja, naye mkataba wake haukuongezwa. Alirudi nyumbani na mifuko miwili ya vitabu. Muhula mzima alishinda akimkatia mama yao majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, akijibu salamu za majirani bila kuinua kichwa. Cicily ndiye aliyemwambia kuhusu tangazo la Mzee Runji. Mama yao, Gladwell, alimwuliza siku moja, "Na wewe je? Si unaitaka nafasi hiyo hiyo?" Cicily akajibu, "Mama, mmoja wetu akienda, si tumeenda wote?"

Katika chumba cha arobaini na moja Cicily alikwama. Wiki moja ikapita, ya pili, ya tano. Kulikuwa na masanduku tisa na ujia mmoja mwembamba, na kila njia aliyoijaribu, sanduku la mwisho lilibaki nje. Aliuchora mchoro kwenye daftari, nyuma ya risiti, kwenye vumbi la kiwanja akilisha kuku. Siku moja ya Julai, Marete akiwa kwenye kompyuta ya pembeni, Cicily aliinamisha kichwa juu ya meza, machozi yakamtoka kimyakimya, yakadondokea kibodi. Marete alimwona. Akamshika bega. "Pole," akasema. "Itafunguka tu." Kisha akageukia mashine yake. Yeye alikuwa ameshafika chumba cha hamsini na mbili.

Cicily alikubali kushindwa bila wivu. Alijisemea moyoni kwamba huyo ndiye mwalimu wake, na mwanafunzi hampiti mwalimu hivi hivi.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, Mzee Runji aliandaa sherehe. Viti vilikodishwa, padre akaalikwa, naibu wa chifu akaja, na akina mama wa kanisa wakajaa ukutani wamevaa vitambaa vyao vya kichwa. Njoki, msichana aliyejifunza kompyuta pamoja na Cicily, alimimina chai vikombeni. Marete alikuwa amebakiza chumba kimoja tu, cha sitini, nacho angekifungua mbele ya watu wote. Mama yao alikaa mstari wa mbele, mkoba umekumbatiwa magotini.

Marete alicheza dakika ishirini. Jasho lilimtoka puani. Alirudi nyuma, akazunguka, akasukuma sanduku la mwisho polepole, nalo likaingia mahali pake. Mlango ukafunguka. Chumba kizima kikalipuka kwa makofi. Akina mama wakapiga vigelegele ingawa wengi wao hawakujua ni nini hasa kilichofunguka.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, kisha maandishi meupe yakaanza kutokea, mstari baada ya mstari, kwa Kiingereza.

"Wanaandika nini?" Mzee Runji aliuliza huku akitafuta miwani yake. "Cicily, mwari wangu, njoo usome. Utufasirie, wazee wasikie."

Cicily alisogea mbele akitabasamu. Alimwekea kaka yake mkono begani, akasoma kwa sauti ya kanisani.

"Hongera! Umefika mwisho wa ghala. Vyumba vyote: sitini."

Makofi tena.

"Vyumba ulivyofungua mwenyewe: ishirini na vitatu."

Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno hayo kabla ya akili kuyafikia. Bega lililokuwa chini ya mkono wake lilikuwa limekakamaa kama ubao.

"Endelea," Mzee Runji alisema.

Cicily alitazama mstari uliofuata. Aliusoma kimoyomoyo mara mbili, akidhani Kiingereza ndicho kilichomshinda.

"Soma, mwari. Kuna nini?"

"Vyumba..." Aliondoa mkono begani mwa kaka yake. "Vyumba ulivyoomba kurushwa: thelathini na saba."

Hakuna aliyepiga makofi. Kikombe kiligonga sahani mahali fulani.

"Kurushwa vipi?" naibu wa chifu aliuliza. "Na nani?"

Mzee Runji alikuwa amepata miwani. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha macho yake yakashuka kwenye kibodi. Plasta nyeupe ilikuwa bado pale juu, lakini upande mmoja ulikuwa umefunuliwa na kurudishwa mara nyingi hadi gundi ikaisha. Aliiinua kwa ukucha. Ikatoka bila kubisha.

"Marete," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Kuna kitufe hapa kinachofungua milango?"

Marete alisimama. Hakumtazama mtu. Alipita katikati ya viti, akampita mama yake, akashuka ngazi. Walisikia viatu vyake mpaka chini. Mama yao alibaki amekaa vile vile, mkoba magotini, akikitazama kioo kana kwamba bado kuna mstari mmoja haujatokea.

Cicily aligeuka kumfuata. Njoki akamshika mkono, akamkalisha na kumpa chai.

Cicily na mama walipofika nyumbani, Marete alikuwa shambani, anakata nepia kwa panga kana kwamba nepia ndiyo iliyomtenda. Cicily alimfuata huko. Alisimama mbali kidogo na panga.

"Niambie wamekosea," alisema. "Niambie mashine imeharibika."

"Haijaharibika."

"Kwa hiyo ni kweli."

Marete alichomeka panga ardhini. "Nilikwama chumba cha kumi na saba. Wiki tatu, Cicily. Watoto wa shule walikuwa nyuma yangu wakinitazama, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikabandua ile plasta nijaribu vitufe. Kimoja kikaniuliza: unataka msaada? Chagua. La kwanza, kidokezo. La pili, kuruka chumba hiki."

"Kidokezo ni nini?"

"Sentensi moja tu. Inakuonyesha pa kuanzia, kazi unafanya mwenyewe. Nilichukua hicho kwanza, nikafungua kumi na saba. Hata kumi na nane. Halafu cha kumi na tisa nikachoka, nikabonyeza la pili. Mlango ukafunguka pale pale, bila jasho." Alijifuta uso kwa mkono uliojaa majani. "Ukishaonja hiyo, hurudi kwenye kidokezo. Nilisema nitaruka kimoja tu. Walioandika mchezo ule ndio walioweka kitufe. Hata si wizi, nilijiambia."

"Hukujua watahesabu?"

"Ningejuaje? Sikuwahi kufika mwisho."

Ng'ombe alikuwa akilia bomani, hajalishwa. Ndipo neno lingine likamwingia Cicily, likampiga kuliko lile la kwanza.

"Ile siku ya Julai," alisema. "Mimi nikilia pale mezani. Ulikuwa unajua kuna kidokezo?"

Marete alilichomoa panga, akaanza kulifuta majani.

"Wiki ya tano nimekwama chumba kimoja. Ulikuwa na hicho kitufe chini ya kidole chako. Sentensi moja, Marete. Ungeninong'oneza tu."

"Ningekuambia, ungenipita."

Aliyasema waziwazi, bila hasira, na labda ndiyo sababu yalichoma hivyo. Cicily alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli haukumpa mahali pa kushika. Kaka huyu ndiye aliyemfundisha kuhesabu vidole, na sasa alikuwa amemhesabu yeye kama mpinzani, akamshika bega huku akimwambia pole.

"Uliniona," alisema.

"Nilikuona."

Aligeuka akaondoka. Usiku ule hakuna aliyekula mukimo wa mama, viazi na mahindi ya kupondwa.

Jumatatu Mzee Runji alimwita Cicily. Alionekana mzee zaidi ya Jumamosi. "Mtihani ule umeanguka," alisema. "Nilitaka mtu wa kufikiri nikampata mtu wa kubonyeza. Labda makosa ni yangu, nilifunika vitu badala ya kuvieleza. Nairobi wanangoja jina hadi Oktoba. Wewe umefika wapi?"

"Arobaini na moja. Nimekwama."

Mzee Runji alibandua plasta kwenye kompyuta zote tatu, akaitupa kwenye debe la taka. "Basi na wewe ujue kilichopo. Fanya utakavyo, lakini mbele yangu."

Cicily alikaa. Aliweka kidole juu ya kitufe. Aliogopa kweli, kama mtu anayeambiwa afungue jeneza. Alibonyeza. Machaguo mawili yakatokea. Akachagua kidokezo, akasoma kwa sauti ili mzee asikie: "Anza na sanduku lililo mbali zaidi na mlango."

Alikaa mdomo wazi. Siku hizo zote alikuwa ameanza na lililo karibu. Hakuwahi hata mara moja kufikiria lile la mbali. Aliliona kama ukuta. Aliitazama sentensi ile fupi, kisha akaweka mikono kwenye kibodi na kuanza kusukuma. Alikosea mara tatu. Mara ya nne mlango ukafunguka, naye akapiga kelele hata mwenye duka la vitambaa akapanda ngazi mbio kuuliza nani ameumia.

Alimaliza vyumba vyote siku ya Jumanne, wiki ya tatu ya Septemba, Mzee Runji na Njoki wakiwa nyuma ya kiti chake. Vidokezo vinne. Vyumba vya kurushwa, hakuna. Njoki alimkumbatia shingoni. Mzee Runji aliandika barua ya Nairobi papo hapo, kwa mkono, kana kwamba hakuziamini tena mashine zake.

Asubuhi ya safari, Marete ndiye aliyembebea sanduku lake hadi barabarani. Walitembea mpaka kwenye daraja.

"Nilikukosea," Marete alisema akiliweka sanduku chini. "Si kwa mchezo. Kwa ile siku."

"Nimekusikia," Cicily alijibu. Hakusema amesamehe, kwa sababu bado.

Aliporudi Januari akiwa mwalimu, Marete alikuwa amepata kazi katika duka la mbolea na mbegu Mikinduri, akiwafafanulia wakulima vipimo vya dawa. Walisema anaeleza vizuri sana. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Walisalimiana, wakaongea habari za ng'ombe na afya ya mama, na kila mmoja akachunga asikanyage pale palipouma.

Ikawa mwezi wa Juni, Jumamosi, Cicily anafundisha wanaoanza, mlango ukafunguliwa. Marete aliingia na daftari jipya mkononi. Alilipa kwa Njoki, ambaye sasa alipokea karo mlangoni, kama mtu mwingine yeyote, akaketi kiti cha nyuma kati ya wasichana wawili wa kidato cha nne. Cicily aliendelea na somo, sauti ikimpanda na kumshuka. Alifundisha namna ya kuhifadhi kazi, namna ya kufungua faili.

Katikati ya zoezi mkono ukainuka kule nyuma.

"Mwalimu," Marete alisema. "Nimekwama hapa."

Cicily aliweka chaki chini. Aliliambia darasa lingoje kidogo, akatoka nje, akasimama kwenye kibaraza ameshikilia chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili, mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akaingia ndani, akaenda kumwonyesha pa kuanzia.